Shuleni mtoto wa mfano, nyumbani moto: je, mwanangu ananifanyia makusudi?

Swali: Mshauri, habari za kazi. Mwanangu wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 5 na nusu. Mwalimu wake ananiambia ni mtoto wa mfano: anasikiliza, anasubiri zamu yake, hata wenzake anawasaidia. Akishavuka mlango wa nyumbani anageuka mtu mwingine. Nikimpa kikombe asichokitaka, analia. Mdogo wake wa miaka 2 akigusa kitu chake, anampiga. Nikisema avue viatu, anapiga mayowe na kujigaragaza chini. Naanza kwa upole, naishia kufoka, na nikishindwa kabisa nampa simu ili nyumba itulie. Akiwa na baba yake hafanyi sana. Mama mkwe anasema nimemdekeza, kila siku ananiambia "mchelea mwana kulia hulia yeye", na kwamba dawa yake ni fimbo. Kinachoniuma ni hiki: kama shuleni anaweza kujizuia, si ina maana nyumbani anafanya makusudi? Ananidharau? Na je, nimweleze mwalimu, au nitamharibia mtoto jina? – Mama wa Wawili

Jibu: Mama wa Wawili, nianze na hilo linalokuuma. Mwanao hana dharau kwako, wala hashindi darasani akipanga jinsi ya kukutesa jioni. Ila sitakwambia kwamba ni utoto tu, ukae utulie yatapita. Katika maelezo yako naona mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni uchovu wa mtoto mdogo aliyemaliza siku ndefu. La pili ni mazoea ambayo wewe na yeye mmefundishana bila yeyote kujua kwamba anafundisha. Uchovu unataka kupunguziwa mzigo. Mazoea yanataka msimamo. Wazazi wengi ninaowaona wamekwama hapa wamebadilisha dawa: wanamkazia mtoto aliyechoka, halafu wanambembeleza aliyezoea kushinda.

Hoja yako ya "kama shuleni anaweza, basi nyumbani hataki" inasikika nzito, na wapo walimu wanaoitumia. Inachukulia kwamba kujizuia ni kama kujua kuogelea, ukishajua umejua. Kwa umri wa mwanao sivyo. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayomwezesha mtu kusubiri, kuuzuia mkono usipige na kukubali mpango uliobadilika ghafla. Uwezo huo hukua kwa kasi sana kati ya miaka 3 na 7, na sehemu yenyewe haikomai mpaka mtu avuke miaka 20 na kitu. Hivi sasa wa mwanao unafanya kazi vizuri pale tu unaposaidiwa: ameshiba, hana usingizi, anajua kinachofuata. Ondoa kimoja, unayumba. Ondoa vyote vitatu saa za jioni, unaona unachokiona.

Utasikia watu wakisema kujizuia ni akiba inayotumika ikaisha. Nadharia hiyo ilivuma sana, lakini watafiti walipoijaribu upya kwa watu wazima, matokeo yaliyumba. Kwa mtoto wa miaka 5 hatuihitaji. Njaa na usingizi vinatosha kueleza mengi.

Halafu tazama alivyobebwa akiwa shuleni. Siku ina ratiba isiyobadilika. Wenzake wote wanakaa, naye anakaa. Wote wanapanga foleni, naye anapanga. Mwalimu hatoi amri huku akipika na kumnyonyesha mtoto mwingine. Na hakuna mdogo wa miaka 2 anayekuja kubomoa alichokijenga. Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuwapima watoto wadogo kwa kuwawekea kitu kitamu mezani na kuwaambia wakisubiri watapata zaidi. Watu hukumbuka jambo lililokuja kutangazwa baadaye, kwamba waliosubiri walifanikiwa zaidi maishani. Dai hilo lilipungua nguvu mwaka 2018, watafiti walipochunguza watoto zaidi ya 900 na kuzingatia pia hali za familia zao. Lililobaki ndilo la maana kwako: kitu kitamu kilipofichwa wasikione, watoto walisubiri muda mrefu zaidi. Na waliofaulu kikiwa wazi hawakukaza meno. Waligeuza uso, waliziba macho, walijiimbia. Mtoto hajizuii kwa nguvu za ndani peke yake, hujizuia kwa jinsi mahali alipo palivyopangwa.

Kuna sababu ya tatu, nayo naitaja kwa tahadhari maana mitandaoni imepakwa sukari nyingi. John Bowlby na Mary Ainsworth, waliojenga elimu yetu kuhusu uhusiano wa mtoto na mlezi wake, walionyesha kwamba mtoto humfanya mlezi anayemwamini kuwa ngome: hutoka hapo kwenda kuuchunguza ulimwengu, na akiumia hurudi hapo. Mwanao amejikaza mchana kutwa mbele ya watu ambao hana uhakika nao sana. Kwako hana shaka kwamba kesho utakuwepo, kwa hiyo anakuletea yote. Ni kweli. Lakini wanaokwambia "anakulipukia kwa sababu anakupenda" kisha wakanyamaza wamekupa faraja bila kazi ya kufanya, na mdogo wake anaendelea kupigwa.

Kuhusu baba yake, kabla hujahitimisha kwamba yeye ndiye anayeheshimiwa, angalia mambo matatu. Anaingia nyumbani saa ngapi? Pengine anafika mtoto ameshakula na dhoruba imekwisha. Anatoa simu akililiwa? Pengine hatoi, na mtoto anajua. La tatu ulipime kwa makini: je, mtoto anatulia kwa baba kwa raha, anacheza naye na kumsimulia mambo, au anajikunyata? Utulivu wa woga si mafanikio ya kumwonea mwenzako wivu.

Sasa kazi. Saa ya kwanza baada ya kurudi ndiyo yenye matatizo yako karibu yote, kwa hiyo anza na hiyo. Akifika, usimuulize maswali. Najua unataka kujua alijifunza nini na nani kamfanya nini, lakini kwake ni darasa jingine. Mpokee, mpe maji na chakula kabla hajaomba, hata kama mlo wenyewe bado. Kisha mwache mwili wake ufanye kazi: akimbie, aruke, abebe vitu vizito vinavyomfaa, achimbe, acheze na maji. Wengine hutaka kinyume chake, wajifiche kona moja wakae kimya. Utamjua wako ndani ya siku chache. Amri katika saa hiyo zipunguze mpaka zibaki mbili za lazima. Viatu si lazima viwe vita: piga magoti, vua cha kushoto, yeye avue cha kulia. Utaambiwa unamdekeza. Mtoto wa miaka 5 na nusu anajua kuvua viatu, hilo halijasahaulika, na asubuhi atavaa mwenyewe. Hapa unapita tu mahali penye utelezi.

Kikombe, vilevile. Mwekee vikombe viwili achague kabla ya kumimina. Mdogo wake anahitaji mpango wa samani kuliko mpango wa maadili: meza iliyoinuka kidogo, au sehemu ya juu asiyoifikia, ambapo vitu vya kaka ni vya kaka. Watu wazima tunamdai mtoto huyu agawane kila kitu na mtoto wa miaka 2 ambaye hajui kurudisha. Sisi wenyewe tungekataa.

Usingizi nauweka peke yake kwa sababu mara nyingi ndio mzizi, na ndio wa mwisho kuangaliwa. Watoto wa miaka 3 hadi 5 wanahitaji kulala jumla ya saa kati ya 10 na 13 katika siku nzima, na kuanzia miaka 6 ni kati ya 9 na 12. Kama wako anaamshwa saa kumi na mbili asubuhi na hasinzii mchana, basi saa mbili usiku awe amelala usingizi, si kwamba ndiyo kwanza anatafutiwa nguo za kulalia. Na sikiliza anavyolala. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi, au anayekatika pumzi kisha akashtuka, apelekwe akaangaliwe koo na nyama za pua. Mtoto mchovu hasinzii kama mtu mzima. Anachangamka kupita kiasi na kukasirika haraka, hivyo tunamwita mkorofi.

Hata ukifanya yote hayo, atalipuka tena. Kuna utafiti wa Michael Potegal na Richard Davidson wa mwaka 2003 ambao wazazi wengi hupata nafuu wakiusikia. Walichambua hasira za watoto wa kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitano kwa maelezo ya wazazi. Kama robo tatu ya milipuko iliisha ndani ya dakika 5. Pia hasira na huzuni havikwenda sambamba: mayowe, mateke na kutupa vitu vilipanda mapema kisha vikashuka, huku kilio na kutafuta kubebwa vikiendelea hadi mwisho. Tafsiri yake kwako ni kwamba mwanzoni hakuna maneno yatakayomwingia. Kila sentensi unayoongeza ni kuni. Sogea karibu ushuke kimo chake, sema kidogo: "Umekasirika." Akielekea kumpiga mdogo wake, ushike mkono wake bila kuubana, uwaweke mbali: "Sitakuacha umpige." Kisha nyamaza. Usimwulize kwa nini anafanya hivyo, maana hajui. Usimwambie anafanana na nani kwenye ukoo.

Huzuni ikija, mayowe yakageuka kilio na akakutafuta, mpokee. Wengi huogopa kwamba kumkumbatia ni kumtuza kwa ubaya aliofanya. Kinachomtuza ni kupata alichokuwa anakidai kwa mayowe, na kukumbatiwa hakuingii hapo. Unaweza kumbeba mgongoni na bado jibu likabaki hapana.

Hapo ndipo tunafika kwenye simu, ambako nataka tukae kidogo.

Gerald Patterson alitumia miaka mingi katika jimbo la Oregon, Marekani, akiangalia familia zenye watoto wagomvi, nyumbani kwao, dakika kwa dakika. Alichokiona ni mtego unaowanasa wawili kwa wakati mmoja. Mzazi anaagiza. Mtoto anapiga mayowe. Mzazi anarudia kwa sauti ya juu. Mtoto anaongeza. Mzazi anachoka na kuachia, au anatoa kitu, nyumba inatulia. Mtoto amejifunza kwamba mayowe huondoa amri. Mzazi naye amejifunza kwamba kuachia huondoa mayowe, na kwa sababu utulivu unakuja papo hapo, kesho ataachia mapema zaidi. Hakuna mwovu katika hadithi hiyo. Kila mmoja anafanya linalomletea nafuu, na wote wanakwenda pabaya.

Kinachokaza fundo ni kwamba wewe humpi simu kila siku. Ungempa kila anapolia, angejua bei yake ni kilio kidogo. Ungekuwa humpi kabisa, angeacha. Lakini kwa kumpa siku moja moja, "nikishindwa kabisa" kama ulivyosema, umemfundisha kwamba mayowe yenye uvumilivu hulipa. Elimu ya tabia imelijua hili tangu enzi za majaribio ya B. F. Skinner na wanyama: zawadi inayokuja mara moja moja, kwa kubahatisha, hujenga tabia ngumu kufa kuliko inayokuja kila mara.

Kwa hiyo siku utakapoacha kutoa simu kwa mayowe, tegemea mayowe yatazidi kwanza. Atalia kwa muda mrefu kuliko ulivyowahi kumsikia, huenda akatukana, huenda akavunja kitu. Wazazi wengi huachia hapo, wakiamini njia imeshindwa, ilhali wamemfundisha kiwango kipya cha mayowe kinachohitajika. Ndiyo maana nakuomba usianze wiki ambayo una wageni, una mgonjwa, au wewe mwenyewe hulali. Anza wiki unayoweza kuimaliza.

Na simu yenyewe usiifanye shetani. Kwa watoto wa miaka 3 na 4, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja kwa siku, na ukiwa mfupi zaidi ni bora. Wako amevuka umri huo kidogo, kipimo hicho bado kinafaa. Lakini kwenye nyumba yako kosa halijalala sana kwenye dakika. Liko kwenye wakati simu inapotoka. Kama unahitaji nusu saa ya kupumua au kumwogesha mdogo, na unaihitaji kweli, basi mpe simu kwa saa inayojulikana, ameshakula na kucheza, ametulia, na iishe kwa alama inayojulikana, mfano kipindi kimoja. Ni afadhali uitoe kwa uamuzi wako kuliko kuitoa kwa kushindwa, hata kama dakika ni zilezile.

Sasa mama mkwe. Methali yake naikubali, na ninadhani anaifahamu vibaya. Mchelea mwana kulia ni mzazi anayeogopa kilio, na wewe, samahani, ulikuwa unakiogopa. Ndiyo maana simu ilikuwa inatoka. Dawa ya kuogopa kilio ni kujifunza kukaa karibu nacho bila kukimbia na bila kulipa. Fimbo haiko ndani ya methali hiyo. Anayechapa ili mtoto anyamaze naye anaogopa kilio, ila ana mkono mwepesi.

Kuhusu kuchapa, ushahidi ni mwingi. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zilizohusu watoto zaidi ya 160,000 na kutazama kupigwa kwa mkono tu, yale mapigo ambayo watu huyaona madogo. Watoto waliopigwa zaidi walikuwa na ugomvi zaidi na uhusiano dhaifu zaidi na wazazi, na hakukuwa na dalili ya faida ya kudumu katika utii. Mtu makini atauliza kama si ukorofi unaosababisha kupigwa, na ni swali halali. Tafiti zilizofuatilia watoto kwa miaka zinaonyesha kwamba pande zote mbili zinachangiana: kupigwa leo kunatangulia ukorofi zaidi wa baadaye hata ukizingatia alivyokuwa mwanzoni. Kwa mwanao liko la karibu zaidi. Kosa lake kubwa ni kumpiga aliye mdogo kuliko yeye kwa kuwa amemkasirisha. Ukimpiga kwa hilo, somo utakalompa atalielewa barabara.

Usimbishie mama mkwe kwa takwimu, lakini. Mpe kazi. Mwambie: "Mama, ulisema kweli, nilikuwa naogopa akilia. Sasa nimeacha. Nisaidie, akililia simu tusimpe wala tusimpige, mimi na wewe na baba yake." Bibi anayelindwa heshima yake mbele ya wengine ni mshirika mkubwa, na bila yeye mtoto atapata mlango wa nyuma wa kupitia.

Msimamo hauhitaji sheria nyingi. Chagua mbili: hatupigi, na simu ina saa yake. Mengine yapite kwa miezi miwili hivi. Akimpiga mdogo wake, matokeo yawe ya hapohapo na mafupi: kitu alichopigania kinawekwa juu, yeye anakaa karibu nawe dakika chache, unamhudumia aliyepigwa kwanza, basi. Hotuba ya jioni mbele ya baba haifundishi kitu, imechelewa. Na amri zako zibadilishe umbo. "Utavua viatu au huvui?" ni swali, na mtoto ana haki ya kujibu hapana. Mfikie, mguse bega, sema kinachotakiwa, "Viatu mlangoni, halafu maji," kisha hesabu kimoyomoyo hadi 5 kabla ya kusema tena. Utashangaa ni mara ngapi huwa tunarudia amri kabla ubongo wa mtoto haujamaliza kuipokea.

Akifanya vizuri, taja alichofanya. "Mtoto mzuri" ni sifa isiyomwonyesha pa kurudi. "Umemngoja mdogo wako amalize" inamwonyesha.

Kuna jambo moja nalipenda kuliko yote kwa sababu ni la bei rahisi na wazazi hawaliamini. Kila siku, dakika 5 peke yenu wawili, bila simu, bila mdogo, anacheza anachotaka naye ndiye kiongozi. Wewe huagizi, huulizi maswali, hufundishi rangi wala herufi, husahihishi. Unafuata, unasema unachokiona: "Umeweka la bluu juu." Zoezi hili ni sehemu ya tiba aliyoianzisha Sheila Eyberg katika miaka ya 1970 kwa watoto wenye tabia ngumu, na limechunguzwa kwa muda mrefu. Sharti lake gumu ni hili: usiliondoe kama adhabu. Siku aliyoharibu kuliko zote, dakika 5 zipo. Mtoto mwenye mdogo wa miaka 2 ameshapoteza mengi ambayo hakuombwa ruhusa, na mara nyingi hugundua kwamba njia ya haraka ya kumvuta mama mzima mzima ni kumpiga mdogo. Ukimpa njia nyingine ya uhakika, hiyo ya kwanza inapoteza soko.

Wewe utafoka tena, nakwambia mapema. Edward Tronick, aliyechunguza mama na watoto wachanga tangu miaka ya 1970, alionyesha kwamba hata jozi zenye uhusiano mzuri hupishana sehemu kubwa ya muda. Kinachowatofautisha ni kurudi. Ukishatulia, mwendee: "Nilifoka. Hukustahili kufokewa vile. Bado hatupigi." Sentensi tatu, usiongeze ya nne ya kujitetea. Na kama unajikuta unalia siku nyingi, hulali hata watoto wakilala, au unaogopa utakachomfanyia, hiyo ni sababu ya wewe kumwona mtaalamu kabla yake.

Lini umpeleke yeye? Kama milipuko kwa kawaida inazidi dakika 25, kama anajiumiza, kama karibu kila mlipuko unaishia kwa kumuumiza mtu, kama hawezi kutulia mpaka atulizwe, au kama inatokea zaidi ya mara 5 kwa siku kwa siku kadhaa. Na bila hata hayo, apimwe masikio, damu iangaliwe kama imepungua, na umuulize kuhusu choo. Mtoto mwenye choo kigumu, anayejibana siku nzima kwa sababu hakipendi choo cha shule, anarudi nyumbani na tumbo linalouma na hana maneno ya kulisema.

Swali lako la mwisho, mwalimu. Mweleze, lakini mtoto asiwepo. Huharibu jina la mtu, unatafuta nusu ya picha usiyoiona. Kwa sababu wapo watoto ambao uzuri wao wa shuleni ni wa kawaida tu, na wapo ambao unawagharimu kupita kiasi: wenye wasiwasi mkubwa, wasiosikia vizuri na kukisia siku nzima, wenye usonji ambao wamejifunza kuwaiga wenzao ili wasionekane, au wanaoonewa na mtu. Wa aina hiyo huumwa tumbo asubuhi, hulia kwenda shule, huanza tena kukojoa kitandani, au huchana karatasi kwa kosa moja dogo. Kwa hiyo usimuulize kama ana adabu, umeshajibiwa. Muulize wakati wa mapumziko anacheza na nani. Anakula? Akikosea anafanya nini? Akihitaji msaada anasema au anakaa kimya? Anakwenda chooni?

Nyumbani usije ukamtumia mwalimu kama tishio, "nitamwambia mwalimu ulivyo". Huko ndiko amejenga jina lake mwenyewe, mwachie. Niandikie tena baada ya kama wiki sita, na uanze na jibu la lile swali la choo.